Wino Haujaisha, Umewekewa Mwisho

Iko sentensi moja fupi ambayo imezoeleka katika ofisi za shule zetu, hasa zile zilizo mbali na miji mikubwa. Mashine ya kuchapisha huitoa kwa Kiingereza, na karani au mwalimu wa kompyuta huwafasiria wenzake: "Wino umekwisha muda." Baada ya kauli hiyo kazi husimama. Karatasi za mtihani hubaki nusu, mwalimu mkuu hutafuta pesa za kununua wino mwingine, na ile katriji iliyotuhumiwa hutupwa jaani. Ni wachache mno wanaojiuliza ni nani aliyeamua kwamba wino ule umekwisha, na kwamba aliamua kwa kigezo gani. Makala haya yanakusudia kuliuliza swali hilo, kwa kuwa naamini linahusu mambo makubwa kuliko wino.

Tuchukue mfano wa shule moja ya kutwa iliyo katikati ya mashamba ya chai, upande wa Bomet. Shule hiyo ina kompyuta chache zilizokwisha kutumiwa kwingine kabla ya kuifikia. Kwa kuwa ni kongwe, na kwa kuwa shule haina fedha za leseni, mwalimu wa kompyuta aliziwekea Linux, mfumo wa uendeshaji ambao hautozi ada na ambao haudai mashine mpya. Kazi ziliendelea vyema mpaka juma la mitihani ya kufunga muhula. Hapo printa ya wino ilianza kumetameta taa yake ya manjano na kukataa kuchapisha. Mwalimu aliitoa katriji, akaitikisa, akausikia wino ukicheza ndani. Aliirudisha mahali pake, taa ikazidi kumetameta. Mwishowe mtihani ulipelekwa kwenye duka la saiba huko Litein ukachapishwa kwa malipo ya kila ukurasa, na wazazi ndio waliolipa.

Mkasa huu una sehemu mbili, na ni vizuri tuzitenganishe. Sehemu ya kwanza inahusu wino wenyewe. Katriji nyingi za siku hizi zina chipu ndogo inayohifadhi taarifa: katriji ilitengenezwa lini, imewekwa kwenye mashine lini, na imetumika kiasi gani. Katika baadhi ya printa, mashine husoma tarehe hizo na, siku ikifika, huutangaza wino kuwa umekwisha muda hata kama haujapungua nusu. Kwa baadhi ya printa za HP, kwa mfano, muda huo umekuwa miezi 30 tangu katriji iwekwe, au miaka minne na nusu tangu itengenezwe. Sehemu ya pili inahusu mawasiliano. Mara nyingi mashine haikatai kabisa, bali hutaka mtumiaji akiri kwamba ameliona onyo na kwamba anaendelea kwa hiari yake. Kwenye kompyuta ya Windows, programu ya mtengenezaji hufungua kidirisha chenye maneno hayo pamoja na kitufe cha kuendelea. Kwenye Linux, ikiwa mtengenezaji hakujishughulisha kuandika programu hiyo, kidirisha hakitokei. Printa inasubiri jibu la swali ambalo mwalimu hakuulizwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Watengenezaji hawakuizua hoja ya umri wa wino bila msingi wowote. Wino wa printa za aina hii ni kiowevu. Maji yaliyomo huvukizwa polepole, rangi zinaweza kutuama, na matundu yanayorusha matone ya wino ni membamba kiasi kwamba tone dogo lililokauka linaweza kuyaziba. Katika mashine ambazo kichwa cha kuchapishia kimetenganishwa na katriji, wino mbovu unaweza kukiharibu kichwa hicho, nacho ni ghali. Kwa hiyo onyo ni haki ya mnunuzi. Anayemwonya mwenzake kwamba daraja limechakaa amemtendea wema.

Hata hivyo, kuonya ni jambo moja na kufunga njia ni jambo jingine. Muda ni dalili, si ushahidi. Wakazi wa Kericho na Bomet wanalijua hili vizuri kuliko mhandisi yeyote wa printa. Mkulima anapofikisha majani yake ya chai kituoni, hayaulizwi tarehe. Hukaguliwa kwa macho na kwa mikono: je, ni majani mawili na chipukizi, au yamekomaa na kukakamaa? Je, yamepata joto ndani ya gunia yakaanza kuwa mekundu? Kisha chai ikishasindikwa na kufika Mombasa, waonjaji huipima kwa ulimi kabla ya kuitia mnadani. Na katika nyumba za Wakipsigis, maziwa hutiwa katika sotet, kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti maalumu, yakakaa humo siku kadhaa mpaka yakawa mursik. Mtu angeyahukumu maziwa hayo kwa kalenda peke yake, angeyamwaga siku ileile ambayo yameanza kuwa kinywaji cha heshima. Wino nao una namna yake ya kuonjwa: chapisha ukurasa mmoja wa majaribio, utazame mistari. Ikiwa imenyooka na rangi imekolea, wino ni mzima. Ikiwa imekatikakatika, kuna hitilafu, na hapo ndipo tarehe inapoweza kuwa sehemu ya maelezo.

Sisi tunaofundisha isimu tuna la kusema hapa, kwa sababu hila hii imejificha ndani ya kitenzi. Tunaposema "wino umekwisha", tunatumia kitenzi kisichohitaji mtendaji. Mvua imekwisha, mwaka umekwisha, safari imekwisha: hakuna anayeulizwa, wala hakuna anayelaumiwa, kwa kuwa mambo yamefikia kikomo chake chenyewe. Lakini Kiswahili kina hazina ya kauli ambazo zinaweza kumtoa mtendaji mafichoni. Tukisema "wino umewekewa mwisho", mara moja msikilizaji atauliza: umewekewa na nani? Kiambishi kidogo cha kauli ya kutendewa kimefichua kile ambacho kitenzi cha kwanza kilikifunika. Kuna mtu aliyekaa ofisini, mbali na Bomet, akachagua idadi ya miezi na kuiandika kwenye chipu. Huenda alikuwa na sababu nzuri, huenda hakuwa nayo. Lakini hatuwezi kumuuliza sababu yake kabla ya kutambua kwamba yupo.

Mwanafalsafa J. L. Austin, ambaye mihadhara yake maarufu ilichapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake, alitufundisha kwamba si kila sentensi yenye umbo la taarifa hutoa taarifa. Hakimu anaposema "una hatia", haelezi tu hali ya mshtakiwa, anaibadilisha. Ndivyo ilivyo kauli ya printa. Ina sura ya habari kuhusu wino, lakini kazi yake ni amri: usitumie, nunua. Tofauti iliyopo ni kwamba hakimu amepewa mamlaka yake na sheria, na uamuzi wake unaweza kukatiwa rufani. Printa imepewa mamlaka hayo na nani, na rufani yake husikilizwa wapi?

Katika nchi nyingine rufani hizo zimesikilizwa kortini. Mwaka 2005 kampuni ya HP ilishtakiwa nchini Marekani na wateja waliolalamika kwamba tarehe zilizofichwa katika katriji ziliwanyima wino walioununua. Mwezi wa Septemba 2016, printa kadhaa za kampuni hiyohiyo ziliamka siku moja zikakataa katriji za watengenezaji wengine, kutokana na programu iliyokuwa imeingizwa ndani yake kabla. Malalamiko yalipozidi, kampuni ilitoa programu nyingine ya kuondoa kizuizi hicho kwa aliyeitaka. Mwezi wa Mei 2017, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi baina ya Lexmark na kampuni ndogo ya Impression Products iliyokuwa ikiuza katriji zilizojazwa upya, kwamba haki za hataza za mtengenezaji hukoma pale anapouza bidhaa yake. Na mwezi wa Desemba 2020, mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza HP faini ya yuro milioni 10, kwa sababu, pamoja na mambo mengine, haikuwaeleza wanunuzi ipasavyo mipaka iliyoiwekea mashine yake. Sisemi kwamba kesi hizi ni sheria kwetu. Nasema kwamba swali la nani mwenye kauli juu ya wino ulionunuliwa limeonekana kuwa zito hata mbele ya majaji wakuu.

Tena si sadfa kwamba printa na Linux zimekutana katika ugomvi huu. Chimbuko la programu huria lina printa ndani yake. Mnamo mwaka 1980 hivi, maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT ilipewa printa na kampuni ya Xerox. Karatasi zilikuwa zikikwama mara kwa mara. Kijana mmoja wa maabara hiyo, Richard Stallman, aliwahi kuirekebisha programu ya printa ya awali ili iwaarifu watumiaji karatasi zinapokwama. Alipotaka kufanya vivyo hivyo kwa hii mpya, alikuta kwamba maandishi ya programu yake yamefichwa, na mtu aliyekuwa nayo katika chuo kingine alikataa kumpa kwa kuwa alikuwa ameahidi kuyaweka siri. Mwaka 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kuunda mfumo ambao kila mtumiaji angeweza kuusoma na kuurekebisha. Mwaka 1991 Linus Torvalds wa Helsinki akaandika kiini cha Linux, na viwili hivyo vikaungana. Kwa hiyo mwalimu wa Bomet anayehangaika na taa ya manjano amerithi ugomvi wenye umri wa zaidi ya miaka arobaini.

Je, afanye nini? Kwanza, asome ujumbe wenyewe, asikubali muhtasari wake. Kuna tofauti baina ya wino kumalizika, dhamana ya katriji kupitwa na tarehe, na wino kutangazwa kuwa umekwisha muda. Mara nyingi zote tatu hufasiriwa ofisini kwa maneno mamoja, ilhali la pili halizuii kazi hata kidogo. Pili, aitazame printa yenyewe badala ya kompyuta. Kwenye mashine zenye kioo kidogo, ombi la kukiri hutokea hapo, na kitufe cha kukubali au kuendelea hutosha. Zisizo na kioo hutumia kitufe fulani kilichotajwa katika kijitabu cha maelekezo. Kijitabu hicho kihifadhiwe kama kinavyohifadhiwa kitabu cha hesabu. Ikiwa printa imeunganishwa kwenye mtandao wa shule, nyingi huwa na ukurasa wake wa ndani unaofunguliwa kwa kivinjari kwa kuandika anwani ya mashine. Ukurasa huo hautegemei Windows wala Linux, na unaweza kuonyesha onyo ambalo kompyuta haikulionyesha.

Tatu, akishakubali kwenye printa, akumbuke kwamba Linux nayo inaweza kuwa imeisimamisha foleni ya kazi. Kazi hiyo husimamiwa na mfumo uitwao CUPS, uliotolewa hadharani mwaka 1999 na ambao hutumiwa pia na kompyuta za Apple. Printa inapogoma, CUPS inaweza kuihesabu kuwa imesimama na isiipelekee tena chochote, hata baada ya ugomvi kwisha. Amri ya lpstat -p itamwonyesha hali hiyo, na amri ya cupsenable ikifuatwa na jina la printa itaifungua foleni. Asiyependa amri aandike localhost:631 katika kivinjari, na atakuta ukurasa wenye kitufe cha kuendeleza kazi. Walimu wengi wameilaumu katriji kwa kosa la foleni. Wenye printa za HP waweke pia HPLIP, programu ambayo kampuni yenyewe huitoa kwa ajili ya Linux. Chombo chake cha hp-toolbox huonyesha hali ya wino na jumbe nyingi ambazo vinginevyo hazingeonekana.

Nne, wako wanaorudisha nyuma saa ya kompyuta ili kuidanganya mashine. Hila hiyo hufaulu kwa mashine chache tu, zile zinazopokea tarehe kutoka kwa kompyuta, na madhara yake ni makubwa: faili za shule hupata tarehe za uongo, na tovuti salama hukataa kufunguka. Siishauri. Tano, printa inapoomba kusasishwa programu yake ya ndani, mwalimu asikubali kabla ya kujua ni nini kitakachobadilika. Mwaka 2016 ulitupa funzo hilo. Sita, baada ya yote haya achapishe ukurasa wa majaribio, na ikiwa matundu yameziba, aisafishe mara moja au mbili kwa njia ya mashine yenyewe. Kusafisha kupita kiasi kunakula wino uleule anaoutetea.

Najua kuna watakaosema kwamba mwalimu si fundi, na kwamba dawa ni kununua Windows na katriji mpya, basi. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama gharama zingelingana kila mahali. Hazilingani. Saa ya katriji huanza kwenda kiwandani. Kabla ya kufika Kericho, katriji imesafiri baharini, imekaa ghala la Mombasa au Nairobi, kisha imekaa juu ya rafu ya duka ambalo huuza chache kwa mwaka. Shule iliyo mwisho wa njia hununua muda uliokwisha kuliwa na wengine. Isitoshe, shule zetu hufungwa takriban robo ya mwaka. Katika miezi 30, printa ya shule hulala miezi saba hivi huku chipu ikihesabu. Ofisi ya jijini inayochapisha kila siku haitaliona onyo hilo kamwe. Hukumu iliyoandikwa sawa kwa wote huwaangukia walio mbali na wanaotumia kidogo.

Na mahitaji ya kuchapisha hayapungui. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, wazazi wamelalamika kuhusu gharama za kuchapisha kazi za watoto wao. Mzazi anayechuma chai hulipwa kwa kilo. Kila ukurasa unaochapishwa nje ya shule kwa sababu ya katriji iliyojaa wino umetolewa kwenye kikapu chake.

Upo pia upande wa lugha. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa KiLinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Waliweza kufanya hivyo bila kuomba ruhusa ya kampuni yoyote, kwa kuwa maandishi ya programu huria yako wazi. Ujumbe wa printa ungekuwa wazi vivyo hivyo, tungeweza kuuandika kwa Kiswahili sanifu na kwa ukweli: "Wino huu una umri wa miezi 30. Unaweza kuendelea. Chapisha ukurasa wa majaribio kwanza." Maneno hayo yangemwonya mwalimu na kumwachia uamuzi.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, humpa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu kile alichokinunua. Sioni jinsi haki hiyo inavyotimizwa ikiwa muda wa katriji haukuandikwa wazi kwenye kasha, au ikiwa njia ya kuendelea imefichwa katika programu ya mfumo ambao shule haina. Bodi za shule zisingoje kesi. Kabla ya kununua printa, ziulize maswali matatu na kutaka majibu kwa maandishi: Je, mashine hii itakataa wino kwa sababu ya tarehe? Je, inakubali wino wa mtengenezaji mwingine? Je, inafanya kazi na Linux bila kidirisha cha Windows? Muuzaji asiyeweza kujibu anauza mbuzi ndani ya gunia. Ziangalie pia mashine zenye matangi yanayojazwa wino wa chupa, ambazo Epson ilianza kuziuza Indonesia mwaka 2010, pamoja na zile za leza, ambazo hutumia unga usiokauka wakati wa likizo. Bei yake ya kwanza ni kubwa, lakini hesabu ya shule hufanywa kwa miaka.

Mwezi wa Mei 2023 mashine za kuchuma chai ziliteketezwa Kericho katika ghasia zilizogharimu maisha ya mtu. Sitetei moto ule. Lakini chini ya hasira ile palikuwa na swali halali: mashine inapoingia, ni nani anayeamua itumike vipi na kwa faida ya nani? Swali hilo linaweza kuulizwa bila kiberiti, tena na mwalimu na mwanafunzi, darasani, mbele ya printa iliyogoma. Mwalimu wa kompyuta awape wanafunzi wake ujumbe ule waufasiri, mwalimu wa Kiswahili awaonyeshe mtendaji aliyefichwa ndani ya kitenzi, na wa hisabati awapigie hesabu ya miezi 30. Darasa litakalofanya hivyo litaokoa katriji moja, na litajifunza kutotii kila sentensi kwa sababu tu imesemwa na mashine.